Muulize Sista: Mkono ulete dirishani

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja, kwa mistari mitatu tu, kwamba chunjua za mikononi si laana wala si uchafu. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimefungua koki. Barua na ujumbe wa simu vimeingia kutoka Mbeya mjini, Rungwe, Mafinga, Njombe, hadi Kilolo, kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wa chunjua. Wengine mnaziita sunzua, wengine masundosundo. Mimi nitasema chunjua ili tusipotezane njiani.

Shikamoo Sista. Mimi ni binti wa miaka 24, nakaanga chipsi karibu na soko la Mwanjelwa. Tangu mwezi wa pili nimeota vinundu kwenye vidole vya mkono wa kulia. Kilianza kimoja juu ya kiungo cha kidole cha shahada, sasa viko saba, na vitatu vimejipanga mstari mmoja mahali nilipojikata na kisu. Haviumi, ila ni vigumu na ndani vina vidoa vyeusi. Mama mwenye kibanda anasema ni sugu ya kisu. Shangazi anasema nilihesabu nyota nikiwa mdogo. Juzi mteja aliniambia chenji yake niiweke mezani, hataki kuipokea mkononi kwangu. Sasa kijana wa gereji ya jirani amejitolea kunipaka maji ya betri. Nijibu kabla hajanipaka. — Mkaanga Chipsi, Mwanjelwa

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika kwanza. Kijana wa gereji mshukuru kwa moyo wake, umwambie betri za wateja zinamngoja.

Kwa ulivyoeleza, hizo ni chunjua. Lakini sitaki uamini kwa sababu Sista kasema. Mama mwenye kibanda naye ana macho yake, na yeye ameona sugu. Nataka uone mwenyewe.

Nilipoanza kazi ya uuguzi, kwenye zahanati moja huku Rungwe, aliyenifundisha kutazama mikono alikuwa mganga msaidizi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Hakuwa akitazama mkono wa mgonjwa pale mezani. Alimshika kiwiko, akamwongoza hadi dirishani, akaugeuza mkono mpaka mwanga uje kwa ubavu, halafu akaniuliza mimi, si mgonjwa: "Matuta yanapita au yanazunguka?"

Alikuwa anasema ile mistari midogo ya ngozi, ile ambayo ukibonyeza kidole kwenye wino inabaki kwenye karatasi. Ukisimama barabarani kule Uporoto ukatazama shamba la viazi ng'ambo ya bonde, unaona matuta yamelala sambamba, moja baada ya jingine. Mkulima akikutana na jiwe kubwa, tuta haliwezi kupita juu yake. Litaishia pale au litapinda lilizunguke. Ngozi ndivyo ilivyo. Penye sugu mistari inapita juu kama kawaida, ila ngozi imenenepa tu. Penye chunjua mistari inafika ukingoni inakatika, na ile iliyo jirani inapinda kuipisha.

Jaribu kesho asubuhi kabla hujashika mafuta. Mwanga uwe wa pembeni. Hata taa ya simu ukiilaza ubavuni mwa kidole inafaa. Utaona kinundu chenye uso wa kukwaruza, kama kichwa kidogo cha koliflawa, rangi yake ya kijivu au kama ya ngozi yako, ukubwa wa kichwa cha pini hadi punje ya mahindi.

Sasa vile vidoa vyeusi. Si uchafu, si mbegu, wala si mizizi. Ni mishipa midogo mno ya damu iliyopanda ndani ya chunjua, damu ikagandia humo. Ukikwangua juu kidogo vinaonekana vizuri zaidi. Ukizidisha, vinatoa damu kwa vitone. Sugu ukiikwangua unakuta ngozi ngumu ya manjano kama kucha, na chini yake nyingine vilevile, bila kitone. Lakini si kila chunjua ina vidoa, changa mara nyingi hazina, ndiyo maana mzee wangu alianza na matuta. Tena huku kwetu kidoa cheusi peke yake kinaweza kukudanganya, kwa sababu hata funza ana kidoa cheusi. Ila funza anakua kwa siku chache, anawasha, anauma, na kidoa chake ni kimoja katikati ya uvimbe mweupe, mara nyingi miguuni.

Na mama mwenye kibanda mwambie hivi, kwa heshima: sugu inakaa pale mpini unaposugua. Mkulima wa jembe anayo kwenye kiganja, chini ya vidole. Mmenyaji viazi anaipata ubavuni mwa kidole cha shahada, mgongo wa kisu unapokandamiza. Juu ya kiungo cha kidole kisu hakigusi. Na vile vitatu vilivyojipanga kwenye jeraha vinamaliza ubishi, kwa kuwa sugu haifuati mkato. Chunjua hupandikizwa kwenye mkwaruzo kama mbegu kwenye mfereji.

Kinachozileta ni kirusi kiitwacho HPV. Aina zake zinazojulikana ni zaidi ya 200, na za mikononi ni chache tu kati ya hizo. Kinaingia penye mchubuko, na ngozi iliyolowa maji muda mrefu kinaipenda zaidi. Wachinjaji na wakata samaki wanajulikana kwa chunjua za mikono kwa sababu hiyohiyo. Wewe unashinda mikono ndani ya ndoo ya viazi, kisu mkononi, na ikifika Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapasua ngozi hata ya asiyefanya kazi. Ukishaambukizwa, chunjua huchukua mwezi mmoja hadi sita kujitokeza, wakati mwingine zaidi. Zako zilianza mwezi wa pili, basi aliyekuambukiza pengine mlishikana mikono kabla ya Krismasi. Usipoteze muda kumtafuta. Na nyota hesabu tu, za Mbeya usiku wa Julai zinapendeza.

Wateja wako hawataambukizwa kwa kula chipsi zilizotoka kwenye mafuta yanayochemka. Kirusi kinapita ngozi kwa ngozi, au kwa kitu kilichogusa chunjua kikagusa mchubuko wa mwingine, kama taulo, wembe, au kile kisu mnachopokezana kibandani. Funika kwa plasta, ibadilishe ikilowa, menya viazi ukiwa na glavu za mpira. Yule wa chenji mwekee mezani. Pesa yenyewe imeshapita kwenye mikono elfu kabla ya wako.

Tiba. Ungekuwa mtoto ningekuambia subiri. Lakini unauza chakula na zimeshafika saba, basi tuzitibu. Nenda duka la dawa uulize dawa ya chunjua yenye asidi ya salisiliki, asilimia 15 hadi 26 hivi. Hapa uwe macho. Ukitaja salisiliki tu unaweza kupewa marhamu ya Whitfield, ile ya fangasi. Kweli ina salisiliki, lakini ni asilimia 3 peke yake. Utapaka mpaka Pasaka ijayo. Soma kwenye boksi.

Usiku ukimaliza kazi, loweka vidole kwenye maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi. Sugua ngozi iliyokufa kwa jiwe jepesi la miguu, yale yaliyozagaa huku Rungwe tangu mlima ulipolipuka zamani. Liwe la kazi hiyo tu, usimwazime mtu. Paka mafuta ya mgando kuizunguka chunjua ili ngozi nzima isiungue, kisha dawa juu ya chunjua yenyewe, iache ikauke, weka plasta. Kila siku, hadi wiki 12. Watu wengi huacha wiki ya tatu wakisema dawa ni feki. Ngozi ikiwa nyekundu na kuuma, pumzika siku mbili tatu, endelea. Na utajuaje imekwisha? Rudi dirishani. Matuta yakianza kupita tena pale palipokuwa na jiwe, chunjua haipo. Kama mistari bado inakatika, hata pakiwa laini, endelea.

Ikishindikana, hospitali kubwa zinaweza kuzigandisha kwa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Inauma, na kwa ngozi zetu nyeusi inaweza kuacha baka jeupe kwa muda. Piga simu kliniki ya ngozi kwanza uulize kama ipo. Haipo kila siku wala kila mahali.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Haijui chunjua inaishia wapi na kidole kinaanzia wapi. Juu ya kiungo ngozi ni nyembamba, chini yake kuna kano. Nimewahi kuona kidole kilichobaki kimepinda kama ndoana baada ya tiba hiyo. Utomvu wa mnyaa ni vilevile, na ukirukia jichoni unaweza kupoteza uwezo wa kuona. Nasema mapema kwa sababu najua shangazi akishindwa kwenye nyota atahamia kwenye mnyaa.

Sista, habari za kazi. Nina ng'ombe watatu wa maziwa huku Tukuyu. Mtamba mmoja ana chunjua kubwa shingoni, na yule mkubwa ninayemkamua ana vidonda kwenye chuchu. Wiki mbili zilizopita nimeota kinundu chekundu kwenye kidole gumba, sasa kimevimba na katikati ni kama kina maji. Kinauma kiasi. Mke wangu amenikataza kukamua. Ina maana mtamba ameniambukiza chunjua? — Mfugaji, Tukuyu

Ndaga fijo kwa barua, ndugu yangu, maana umeeleza kama mtu anayejua kutazama mifugo. Wenzako huniandikia "nimeota kitu" basi.

Mtamba hana kosa. Chunjua za ng'ombe zinaletwa na kirusi cha jamii moja na chetu, lakini ni cha ng'ombe, hakimpati mtu. Mara nyingi zitakauka na kudondoka zenyewe.

Mtuhumiwa ni yule mkubwa mwenye vidonda kwenye chuchu. Chunjua ya mtu haikui hivyo. Haiwi nyekundu na yenye maji katikati ndani ya wiki mbili. Inajengeka polepole, kavu, bila maumivu. Chako kinafanana na uvimbe wa wakamuaji, unaoletwa na kirusi cha jamii ya ndui kilichomo kwenye vidonda vya chuchu. Hutokea kama wiki moja baada ya kukamua, kinapitia hatua zake, kinavimba, kinatoa maji, kinafanya gamba, halafu kinapona bila dawa ndani ya wiki nne hadi nane. Wafugaji wa mbuzi na kondoo wanapata ndugu yake kutoka kwenye midomo ya wanyama wao.

Usikitoboe na usikikate. Osha kwa maji na sabuni, funika. Ukiona homa, mstari mwekundu unaopanda mkononi, au tezi za kwapani zimevimba na kuuma, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa bakteria wameingia juu yake. Na ukiona wiki nane zimepita kipo palepale, mwonyeshe daktari, umweleze habari ya ng'ombe. Asipojua unakamua hataikisia.

Mke wako ana haki, ila sababu yake ni nyingine. Kidole chako kinaweza kupeleka ugonjwa kwenye chuchu za ng'ombe mzima. Akamue yeye kama mikono yake haina mchubuko, avae glavu, mgonjwa akamuliwe mwisho. Mwite mtaalamu wa mifugo amtazame.

Mimi ni mkulima wa miaka 61, Kilolo. Nyuma ya mkono wa kushoto nina kinyama tangu mwaka jana. Kilianza kama chunjua. Nimekikata na wembe mara mbili, kinarudi kikubwa zaidi. Sasa kikiguswa na nguo kinatoa damu, na hakikauki. Duka la dawa wamenipa dawa ya chunjua. Nitumie kwa muda gani? — Mkulima, Kilolo

Kamwene, kaka. Usiitumie hata siku moja. Wala usisubiri toleo lijalo.

Mtu wa miaka 61, kinyama kimoja, mahali jua linapopiga kila siku, kinakua, kinatoa damu, hakiponi: hicho kinatakiwa kutazamwa na daktari na kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara. Sisemi ni saratani. Kuna kifua kikuu cha ngozi kinachofanana na chunjua, kuna fangasi wanaoingia na mwiba shambani wakafanya hivyohivyo. Dirishani havitofautishwi, na mimi kwenye karatasi siwezi kabisa. Nenda hospitali ya wilaya, uwaambie maneno haya: kimerudi mara mbili, kinatoa damu, hakikauki. Na wembe uweke mbali.

Nakuharakisha kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita alinijia mkulima mwenye ualbino, na kigamba kigumu nyuma ya mkono. Foleni ilikuwa imefika nje, kuna mvua, watoto wanalia. Sikumpeleka dirishani. Nilimpa dawa ya kupaka nikamwambia arudi baada ya mwezi. Akarudi, nikampa nyingine. Mara ya tatu alimkuta daktari aliyekuja kwa ukaguzi, ambaye hakuushika hata mkono, aliuliza tu, "Kina muda gani hakijapona?" Ilikuwa saratani ya ngozi. Kilikatwa chote na mtu akapona. Kila msimu wa maparachichi alikuwa ananiletea mfuko mzima, na kila nilipoupokea niliona lile kovu.

Baridi ya nyanda za juu inatudanganya. Tunavaa masweta, tunadhani jua halipo, na kumbe huku juu linachoma kuliko tunavyohisi. Wenye ualbino, kofia pana na mikono mirefu hata siku ya mawingu, na kila kidonda cha ngozi kisichopona ndani ya mwezi kionekane na daktari.

Sista, mwanangu wa miaka 9 ana chunjua kuzunguka kucha za vidole vinne, na sasa imetokea moja kwenye mdomo. Baba yake alizikata kwa wembe zikarudi nyingi. Mwalimu amemrudisha nyumbani mpaka zipone. — Mama wa Mafinga

Mama, mwanao anang'ata kucha. Hukuandika, lakini naweka dau.

Meno yanachubua ngozi ya kando ya kucha, kirusi kinapata mlango, kisha kidole kinakipeleka mdomoni. Basi tiba ya kwanza ni meno kuacha kucha. Zikate fupi, zifunge plasta, umtafutie kazi ya mikono hiyo jioni. Kumgombeza hakusaidii, watoto hung'ata zaidi wakigombezwa.

Wembe acheni. Chunjua inaishi kwenye tabaka la juu la ngozi tu, haina mzizi wa kung'olewa. Mnapochimba mnasambaza kirusi kwenye ngozi mpya iliyochubuka, na hapo karibu na shina la kucha mnaweza kumwachia kucha iliyoharibika maisha yake yote. Dawa ya salisiliki usiipake mdomoni kamwe, na za kuzunguka kucha ni kaidi, kwa hiyo hizo mpelekeni kwa mhudumu wa afya badala ya kujaribu nyumbani.

Kuhusu mwalimu: mtoto hana sababu ya kukosa shule hata siku moja kwa ajili ya chunjua. Zifunikwe, asichangie taulo, basi. Mpelekee ukurasa huu. Na kama ofisi ya walimu bado ina lile taulo moja linaloning'inia kwenye msumari tangu Januari, nililolikuta kila shule niliyokwenda kuchanja, waanze na hilo.

Je, chunjua za mkononi ndizo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi? Naona kirusi ni kilekile. — Msomaji, Uyole

Ni ukoo mmoja, nyumba tofauti. Saratani nyingi za mlango wa kizazi zinatokana na aina ya 16 na 18, zinazopita kwa kujamiiana. Za mikononi ni zaidi aina ya 1, 2 na 4, na hizo hazileti saratani hiyo. Chanjo ya HPV ambayo nchi yetu ilianza kuwapa wasichana mwaka 2018 inalenga zile hatari. Haitaondoa chunjua ya kidoleni, lakini binti yako akifikia umri wa kuchanjwa asiikose.

Chunjua za sehemu za siri ni habari nyingine. Usizipake dawa ya mkono, nenda kliniki. Na mtu mzima akiota chunjua nyingi kwa ghafla, makumi si saba, tena zisizosikia dawa, apime VVU. Kupima ni bure na si hukumu; ni kwamba kinga ikishuka, kirusi hiki ni miongoni mwa vinavyojitokeza.

Sista, nakusoma lakini unatudharau wazee. Nikiwa mtoto, bibi alinifunga chunjua kwa singa ya mkia wa ng'ombe, akasema maneno yake, na mwezi mwandamo uliofuata ikadondoka. Hiyo si dawa? — Mwalimu mstaafu, Njombe

Shikamoo, Mwalimu. Siwadharau, mimi mwenyewe ni mzee sasa.

Singa ikikazwa kwenye chunjua yenye shingo nyembamba inakata damu, na inaweza kudondoka kweli. Kwenye chunjua bapa ya kidole inakaza kidole, na hapo ndipo nimeona vidole vya bluu. Lakini kuna jambo jingine linalowasaidia sana mabibi wote. Kwa watoto, karibu nusu ya chunjua hupotea zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na karibu theluthi mbili ndani ya miaka miwili. Siku moja kinga ya mwili inamtambua mgeni, inamtoa. Aliyekuwa akitibu wiki hiyo ndiye anayepata sifa.

Nami nilitibiwa. Nilikuwa na miaka kama minane, nina chunjua mbili nyuma ya mkono. Bibi alizisugua kwa ganda la ndizi, upande wa ndani, akalizika chini ya mgomba nyuma ya nyumba, akaniambia ganda likioza na zenyewe zitaoza, na nisipite pale. Nilizunguka ule mgomba miezi mitatu. Mvua zilipoanza, zikaisha.

Ila zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa katikati ya vidole viwili, nilimficha bibi kwa sababu niliogopa ataniuliza nimeshika nini. Haikusuguliwa, haikuzikiwa ganda. Nayo iliisha wiki ileile. Sikumwambia, alikuwa ameshawaeleza majirani watatu, na wa nne alikuwa njiani na mtoto wake.